Hata Hakuna Huitika

Miaka ishirini na miwili, benki ya Hiroshima,
niliandika kwa lugha ya kale, lugha ya karani mkuu:
tangaza kwanza, taja upana wa kila nafasi,
kosa nukta moja, ukeshe na makaratasi.
Namba zililala safuni kama matofali.
Ukizitaka kwingine, uzibebe mwenyewe.

Kisha mama akaanza kuisahau njia ya sokoni.
Nikarudi Matsue na sanduku moja.
Duka letu la vileja vya mchele lilikuwa bado wazi,
oda zikiandikwa nyuma ya kalenda za mwaka juzi.

Nozu Ryohei, kijana wa karakana ya kompyuta,
akaniletea lugha yenye jina la kito chekundu.
"Shangazi, humu kila kitu ni kitu."
Nikacheka: hekima ya kuuzia chai hiyo.
Akaandika tano. Tano kavu.
Akaweka nukta, akaiambia: mara.
Na tano ikainuka, ikafanya kazi mara tano,
bila kusukumwa.

Sikulala.
Niliiuliza saba kama ni witiri. Ikasema ndiyo.
Niliiambia orodha ya wateja, jipange,
ikajipanga, kuanzia Adachi.
Sentensi zake hukaa kama mtu aliyevua viatu.
Ni nzito kidogo, benki ingeicheka;
lakini nani anakimbizana na kileja?

Nikaunda ngeli ya Kileja. Kila kimoja kilizaliwa kinajua
bei yake, siku yake ya kuharibika,
na kama kina maharagwe matamu ndani.
Kileja cha Machipuko kikarithi yote,
kikajiongezea rangi ya ua la plamu.
Hakuna kesi ya mirathi. Hakuna dada aliyenuna.

Chumba cha pili mama alikuwa akimpa birika pole.
Yuko hivyo tangu majani yaanguke:
humshukuru kiti kabla ya kuketi,
humuuliza mlango kama amechoka.
Amevihamisha vitu vyote kwenye ngeli ya watu.
Daktari ana jina la hali hiyo.
Mimi, saa nane usiku, mbele ya skrini,
nilikuwa na jina jingine.

Maana lugha hii haifungi milango yake.
Unaingia hadi kwenye ngeli mama, iliyozaa zote,
unaifundisha neno. Nikaifundisha *dandan*,
asante ya kwetu Izumo,
ambayo vijana wanaijua kwenye fulana za watalii.
Papo hapo tano ikaijua. Tarehe ikaijua.
Kweli ikaijua, na uongo pia.

Ryohei alipoona akashika kichwa.
"Shangazi! Mzizi hauguswi!
Litakauka tawi usilolijua."
Kweli tupu. Nilifuta kabla duka halijafunguliwa.
Kwenye mashine ya nyumbani nimeliacha.

Jana mama aliita, "Kazuo?"
Baba. Mwaka wa tisa huu.
Akaita tena, kwa sauti ya mtu
anayeuliza tu kama maji yamechemka.

Katika lugha hii hata hakuna ni kitu.
Ukikiuliza, wewe ni hakuna? hujibu ndiyo.
Ukikiomba orodha, hukupa orodha tupu,
kwa mikono miwili.
Ukikiomba neno kisilolijua, ndipo hupiga yowe
na programu nzima ikaanguka.

Nilikwenda nikaketi pale alipokuwa akiketi baba.
"Naam," nikasema.
Mama akanitazama sana.
"Dandan," akasema,
kwangu, au kwa mto wa kukalia, sijui.

Nikarudi kwenye oda za Jumamosi.
Arobaini na sita,
na moja haina jina la mteja.